Kichwa cha Gurnam na Sheria za Barafu

Barnabas Odera alikuwa golikipa wa hoki ya barafu mjini Birmingham, na ukimwuliza sheria za mchezo huo zikoje, atakuangalia kama umemwuliza njia ya kwenda mwezini. Si kwamba hakuzisoma. Alizisoma, tena na penseli mkononi, maana alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na watu hao husoma hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Shida ni kwamba kila alipomaliza kuzisoma, wenyewe walizibadilisha.

Sasa utauliza, Mjaluo wa Yala, mtoto wa mzee wa kanisa, alifikaje kwenye barafu? Alipelekwa na Gurnam.

Walikutana kwenye foleni ya chai katika chuo cha ufundi. Barnabas alikuwa na mwaka mzima Birmingham na bado chai ya pale ilikuwa haijamwingia. Alionja, akakunja uso, akanung'unika peke yake, "Chai gani hii? Maji ya kuoshea sufuria!" Nyuma yake sauti ikajibu, "Na bado hujaonja mchuzi wao, ndugu yangu." Aligeuka akimtafuta Mkenya mwenzake mweusi, akaona Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha bluu na ndevu zilizofungwa vizuri, anacheka. Nusura aimwage ile chai. Alikuwa hajasikia Kiswahili kwa muda mrefu hivi kwamba machozi yalimlengalenga, akajifanya chai ni ya moto.

Gurnam Singh alikuwa amefika mapema mwaka 1968, yeye na mama yake, mbiombio kabla Waingereza hawajawafungia mlango Wahindi wa Kenya waliobeba pasipoti za Waingereza haohao. Nairobi alikuwa winga wa hoki ya nyasi, kijana ambaye watu walitoka makwao Jumapili kwenda kumtazama. Birmingham alikuwa mng'arishaji wa vifungo vya makoti katika karakana moja ya Hockley, na msimamizi wake hakuwahi kujifunza jina lake. Masingh wote pale aliwaita Charlie. Siku moja kila juma aliachiwa aende chuoni kusoma. Timu ya hoki ya nyasi ya chuo ilikuwa imejaa, au walisema imejaa, Mungu ndiye ajuaye. Timu ya barafu ndiyo iliyokuwa ikiomba watu. Gurnam akasema gongo ni gongo, akavaa viatu vya makali, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na kabla ya Krismasi alikuwa akiwapita wale vijana wa Kiingereza hata wasijue amepitia wapi.

"Njoo udake," akamwambia Barnabas.

"Mimi? Barafu mimi naijua ndani ya glasi tu!"

"Golikipa haendi popote. Unasimama."

Hayo ndiyo maneno aliyodanganyiwa nayo mtoto wa watu. Akafungwa mito miguuni, akapewa gongo pana, akasimamishwa langoni akiwa ameshika mlingoti kwa mkono mmoja kama mlevi. Kidude chenyewe kinachochezewa, cheusi, cha mpira mgumu, bapa mithili ya kisahani cha chai, kilikuja kwa kasi kikampiga kifuani. Watu wakashangilia. Kumbe amezuia bao! Tangu siku hiyo akawa golikipa, na yeye na Gurnam wakakiita kile kidude kisahani, wakapigiana kelele kwa Kiswahili uwanjani, "Nyuma yako! Kulia! Mwache, mwache!" Wapinzani walichanganyikiwa, na hiyo ilikuwa haki, kwa sababu Barnabas naye alikuwa amechanganyikiwa tangu mwanzo.

Mazoezi yalikuwa Jumapili asubuhi, kabla ukumbi wa barafu haujafunguliwa kwa watu wote. Kwa hiyo kanisani hakwenda. Dhambi hiyo aliibeba mwenyewe, akijifariji kwamba baada ya mazoezi alikwenda mahali ambako alilishwa mwili na roho kwa pamoja, nyumbani kwa mama yake Gurnam, Bordesley Green.

Huyo mama alikuwa mjane, na Gurnam alikuwa ndiye mtoto wake pekee. Mama mwenyewe alizaliwa Kibos, karibu na Kisumu, katikati ya Wajaluo, baba yake akilima miwa. Siku ya kwanza alipomfungulia Barnabas mlango, alimtazama juu mpaka chini, kisha akamsalimu kwa Kijaluo, "Idhi nade?" Barnabas akajikuta anamwitikia kwa Kijaluo, hapohapo mlangoni. Akaketishwa mezani, chapati zikaja moja baada ya nyingine zingali zinatoa mvuke, dengu, kabichi iliyokaangwa kama sukuma wiki. Akisema ameshiba, aliambiwa anadanganya. Toka hapo akamwita Mama, naye Mama akamwita Barnaba, bila ile herufi ya mwisho, kama wazee wa kwao. Katika jiji lile lote hapakuwa na mlango mwingine ambao Barnabas angeweza kuugonga bila kujieleza. Alimpenda yule mama, ndiyo kweli yenyewe.

Siku za kuosha nywele aliwakuta jikoni, Gurnam kakaa kwenye kigoda kama mtoto, Mama nyuma yake na kitana cha mbao. Nywele zilifika kiunoni. Hazikuwa zimeguswa na mkasi tangu azaliwe, ndivyo dini yao inavyoamuru. Mama alizichana taratibu huku midomo yake ikisema sala, kisha akazikusanya fundo utosini. Barnabas alikula chapati yake akitazama, akaona ni jambo zuri, basi.

Turudi kwenye sheria. Alipoanza kudaka, kumpiga mtu kikumbo kuliruhusiwa katika nusu yako tu, unapolinda. Ukimfuata mwenye kisahani kwenye nusu yake ukamgonga kwa bega, refa anapiga filimbi, unakwenda kukaa kwenye kizimba pembeni dakika mbili, mtu mzima na ndevu zako, kama mtoto aliyeiba sukari. Barnabas aliielewa sheria hiyo. Alijivunia. Akamweleza hata Mama, akipanga vijiko mezani.

Msimu uliofuata, Bwana Pardoe akawakusanya. Bwana Pardoe alikuwa mwalimu wa michoro ya mitambo na meneja wa timu, mzee mwema mwenye kitabu cha sheria mfukoni daima. Akatangaza kwamba sasa vikumbo ni popote, nusu yako na nusu ya mwenzako, kwani dunia nzima imekubaliana hivyo.

"Popote?" Barnabas akauliza. "Jana dhambi, leo halali?"

"Ndiyo, Barney."

"Na waliokaa kizimbani mwaka jana?"

Watu walicheka. Yeye hakuwa akitania! Kichwa chake kilikubali, lakini mkono wake ulikataa. Kila mchezaji wao alipogongwa karibu na lango lake, mkono ulijiinua wenyewe kumwita refa. Refa hakuja, na mara mbili tatu kisahani kilipita akiwa bado anadai haki.

Kisha ikaja ya kofia. Msimu wa 1970 ligi ya vyuo iliamua kila mchezaji avae kofia ngumu, asiye nayo hakanyagi barafu. Vikumbo vimekuwa vingi, vichwa vinapasuka, kwa hiyo wafunike vichwa. Barnabas alijiuliza kwa nini wasirudishe vikumbo vilikokuwa, lakini nani alimwuliza yeye?

Gurnam alijaribu. Alivua kilemba, akafunga kitambaa chepesi juu ya fundo, akaweka kofia. Ilikaa juu juu kama kifuniko cha kikombe juu ya chungu. Wakajaribu kubwa zaidi. Wakashusha fundo kisogoni. Bwana Pardoe akatikisa kichwa, akaona haya kuliko wote, akasema atazungumza na wakubwa. Mechi tatu Gurnam alikaa benchi na koti lake. Jumatatu alirudi Hockley akawa Charlie, Jumamosi akakaa benchi akawa si mtu yeyote. Barnabas alimwona jinsi alivyoitazama barafu, akamwonea huruma mpaka akakosa usingizi.

Jumamosi moja isiyo na mechi Gurnam akaja Ladywood, kwenye ghorofa alikoishi Barnabas. Mlangoni walikuwa wanafunzi wawili wa Kinaijeria wanatoka, vichwa vyao vimenyolewa vikang'aa, kwa sababu Barnabas ndiye aliyekuwa kinyozi wa Waafrika wa mtaa ule. Vinyozi wa Kiingereza walidai hawaziwezi nywele zetu, yeye alikuja na mashine yake kutoka nyumbani. Gurnam akaketi kwenye kiti cha wateja, akafungua kilemba, akakikunja.

"Kata," akasema.

"Wacha mzaha."

"Nimekuja mzaha kwa basi mbili?"

Barnabas alisimama na mashine mkononi. Yeye mwenyewe hakuona neno kubwa katika kukata nywele. Nywele ni nywele, zitaota. Alichokiona ni kile kigoda cha jikoni.

"Na Mama?"

"Mama hatajua. Kilemba kitabaki kilemba. Kata bwana, kabla sijabadili nia."

Laiti angesema hapana! Lakini rafiki yako amekujia na uso ule, na wewe ndiye uliye na mkasi. Alianza na mkasi, kisha mashine. Zilianguka nzito, zikajaa sakafuni mpaka akashangaa kichwa kimoja kilivyoweza kuzibeba. Gurnam hakulia. Kazi ilipokwisha alipapasa shingo yake, akasema, "Baridi." Akaomba gazeti, wakazifunga, Barnabas akazitia kwenye bomba la taka la ghorofa. Zilisikika zikiteremka.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Gurnam akarudi barafuni na kofia yake ngumu juu ya kile kitambaa chepesi, mtu asijue, akacheza kuliko alivyowahi kucheza. Nyumbani alimwambia Mama kwamba sasa yeye ni mwanamume mzima, atachana mwenyewe, akajifungia bafuni. Kilemba bila fundo hakina umbo, hulala kama mkate uliokosa hamira. Kwa hiyo akaviringisha soksi ya hoki, akaiweka utosini, akafunga juu yake. Mama alikitazama kile kilemba, akasema kimekaa upande, mkono wake ukanyooka kukiweka sawa, na Gurnam akaruka nyuma. Barnabas aliyaona hayo akiwa na chapati mdomoni. Aliogopa. Mama akijua, atajua pia ni nani mwenye mashine, na mlango ule utafungwa. Akaanza kupunguza kwenda, akisingizia mitihani. Mama akamtumia chakula kwenye bakuli, na hilo likawa baya zaidi.

Baada ya Krismasi Bwana Pardoe aliingia chumba cha kubadilishia nguo akipunga kitabu chake, uso mwekundu kwa furaha. Alikuwa amezungumza na wakubwa. Alikuwa amewaganda miezi yote ile, kikao baada ya kikao, bila kumwambia mtu. Wamekubali! Mchezaji avaaye kilemba kwa ajili ya dini yake acheze na kilemba chake, kofia si lazima. Timu nzima ikapiga magongo sakafuni. Barnabas akamtazama Gurnam. Gurnam alikuwa akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Si alikuwa akicheza na kofia?" Barnabas alimnong'oneza Pardoe. "Angeweza kuendelea nayo?"

"Aendelee kwa nini?" mzee akashangaa. "Ni haki yake!" Alidhani Gurnam alikuwa akizibana nywele chini ya kofia kwa mateso, na kwamba yeye amemwokoa.

Laiti angeishia hapo. Jumapili ile mzee alimchukua mke wake mpaka Bordesley Green, akanywa chai kwa Mama, akampa habari njema mwenyewe. Mama hakuwa amejua kwamba kulikuwa na marufuku. Akamgeukia mwanawe, akamwuliza kwa Kiswahili, wageni wasielewe. "Miezi yote hii ulivaa nini?"

"Nilikaa benchi, Biji," Gurnam akajibu, Biji ndivyo alivyomwita mama yake.

Na Mama, masikini, akamwamini. Tena akajivuna! Mwanawe amekaa benchi kuliko kuacha kilemba, na Waingereza wamebadilisha sheria yao kwa ajili yake. Akasema hajawahi kuja kutazama mchezo ule wa wendawazimu, lakini mechi ijayo atakuja.

"Mwambie," Barnabas akamsihi Gurnam siku ya mechi, wakifunga kamba za viatu. "Au sema unaumwa. Mwambie wewe kabla hajaona."

"Nitakifunga imara."

"Gurnam, njia ya mwongo ni fupi."

"Na wewe je? Umemwambia?"

Barnabas aliinama, akafungua kamba ya kiatu, akaifunga upya.

Mama aliketi nyuma ya lango la Barnabas, na Bi. Pardoe, blanketi magotini, koti lake la kahawia limefungwa mpaka kidevuni. Gurnam alipoingia na kilemba chekundu, watu wachache walicheka, wengine wakapiga makofi, na Mama akasimama. Alisimama wima kabisa. Barnabas aliangalia mbele, akamwomba Mungu wa kanisa alilolikimbia kwamba mechi ile iwe fupi.

Ilikwenda vizuri kiasi cha kutisha. Gurnam alifunga bao la kwanza, akainua gongo kuelekea kwa mama yake. Kipindi cha pili alirudi nyuma kuchukua kisahani, kwenye nusu yao wenyewe, hatua chache kutoka langoni. Kijana mmoja mnene wa timu pinzani akamjia kwa kasi, akashusha bega.

Mkono wa Barnabas ukainuka. "Refa!"

Refa hakupiga filimbi. Kikumbo kilimpata Gurnam ubavuni, kikamtupa ukutani, kilemba kikafunguka kikabaki barafuni kirefu, chekundu, na kitu kingine kikatoka ndani yake kikaja kikiteleza moja kwa moja langoni. Barnabas akakilalia. Ndivyo mwili wake ulivyokuwa umefundishwa, kinachokuja kizuie. Alipofungua glavu aliona ameshika soksi.

Hapo ndipo filimbi ikalia. Gurnam alikuwa amepiga magoti, kichwa chake kiwazi, nywele fupi za kinyozi wa Ladywood, akajaribu kukifunika kwa glavu zake. Glavu hazikutosha. Akainuka akaenda mlango wa vyumbani bila kumtazama mtu. Katikati ya uwanja refa na Bwana Pardoe walikuwa tayari wameinamia kitabu, maana mchezaji huruhusiwa akiwa na kofia au akiwa na kilemba, na huyu sasa hana hata kimoja. Refa akafunua ukurasa mbele. Pardoe akafunua nyuma.

Barnabas alisikia viatu kwenye mbao nyuma yake. Akageuka. Mama alikuwa ameteremka mpaka ukutani, kati yao wavu tu wa lango na ubao unaofika kifuani. Hakuwa akilia. Aliitazama ile soksi, kisha akamtazama yeye, muda mrefu, jinsi unavyotazama mtu umjuaye ili uhakikishe ni yeye.

"Barnaba," akasema.

"Mama."

"Mimi nimezaliwa Kibos. Nimekua na watu wenu. Nimeona bibi zenu na watoto wenu wanavyonyolewa kichwa chote, siku za kilio, na hakuna aliyekaripiwa, maana kila mtu alijua sababu." Sauti yake ilikuwa ileile ya kumwuliza kama ameshiba. "Najua Mjaluo hachukui wembe bure. Basi niambie, mwanangu. Ulipomnyoa Gurnam, ni nani alikuwa amekufa?"

Nyuma ya Barnabas refa na Pardoe walikuwa wamekwisha kukubaliana jambo fulani, hakujua nini. Filimbi ikalia, kisahani kikaangushwa, watu wakaanza kupiga kelele wakimwita jina, Barney, Barney, geuka! Naye alibaki amesimama pale, ameipa mechi mgongo, soksi mkononi, akitafuta jina la kumwambia.